Ziwa Linapogeuka, Tusitafute Mchawi

Nilipokuwa mtoto, katika chuo chetu cha Kurani kisiwani, kazi ya kuteka maji ya udhu kabla ya alfajiri ilikuwa ya wanafunzi wadogo. Tulishuka ziwani wawili wawili, ndoo mkononi, tukiliogopa giza kuliko tulivyouogopa mkwaju wa mwalimu. Alfajiri moja ya mwezi Juni, baada ya usiku wa upepo mkali, tulikuta maji yamebadilika. Rangi yake ilikuwa ya majivu na harufu yake ya yai viza. Ukingoni sangara wakubwa walikuwa wameelea matumbo juu. Samaki wadogo walikuwa wangali hai, lakini wamepandisha midomo juu ya maji wakihema. Tulirudi mbio na ndoo tupu.

Jua halijapanda, kijiji kizima kilikuwa na jibu. Wengine walisema ni sumu iliyomwagwa na wavuvi wa mwalo wa jirani. Wengine walimtaja mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi na tajiri wa mitumbwi. Mwalimu wetu alisema jambo moja tu, kwamba anayemtuhumu mwenzake ndiye anayedaiwa ushahidi, kisha akatuamuru tukateke maji kisimani. Lakini maneno ya mwalimu hayakufika mbali. Kabla ya mwaka kwisha mzee yule alikwisha kukihama kisiwa, yeye na wajukuu wake. Hakuna mtu aliyeyapima maji.

Ndugu msomaji, leo naamini kwamba asubuhi ile hapakuwa na sumu wala uchawi. Ziwa lilikuwa limegeuka. Jambo hilo hutokea kila mwaka, lina majira yake na sababu zake, na wataalamu wamelieleza kwa zaidi ya miaka sitini. Hata hivyo katika mialo yetu bado tunalipokea kama msiba usio na jina, na msiba usio na jina hutafutiwa mtu wa kubebeshwa. Makala haya yanakusudia kulipa jambo hili jina lake, kueleza faida na madhara yake kwa mvuvi, na kuwaomba wananchi wa visiwani pamoja na watumishi wa Serikali wafanye mambo machache yaliyo katika uwezo wetu.

MATABAKA YA MAJI

Mtu anayelitazama Ziwa Victoria kutoka Nansio huliona kuwa kitu kimoja: maji yaliyotanda katika eneo la kilomita za mraba 68,800, ambalo zaidi kidogo ya nusu yake ni la Tanzania. Ukweli ni kwamba kwa miezi mingi ya mwaka ziwa hili ni kama maziwa mawili yaliyopandana. Jua huyapasha joto maji ya juu. Maji yenye joto ni mepesi, kwa hiyo hubaki juu. Maji yaliyopoa ni mazito, kwa hiyo hukaa chini. Tofauti ya joto baina ya juu na chini ni ndogo, mara nyingi nyuzi moja au mbili tu, na mtu akitia mkono hawezi kuitambua. Lakini katika maji ya joto kama yetu tofauti hiyo ndogo inatosha kuyatenga matabaka hayo yasichanganyike.

Tabaka la juu hupata oksijeni kutoka hewani na kutoka katika vijimea vidogo vinavyoishi penye mwanga. Tabaka la chini limefungiwa. Kila kinachokufa juu, kiwe mwani, kiwe samaki, kiwe uchafu uliotoka bara, huzama na kuozea huko, na kuoza hutumia oksijeni. Kadiri miezi inavyopita, oksijeni ya chini hupungua, na katika vina virefu huweza kwisha kabisa. Yanayobaki huko ni maji yasiyofaa kwa samaki, yenye gesi inayonuka kama yai viza. Lakini maji hayohayo yana rutuba nyingi, kwa kuwa kila kilichooza kimeiacha rutuba yake humo.

Hali hiyo huanza kujengeka baina ya Septemba na Desemba, na huwa imara kuanzia Januari hadi Mei. Kisha huja upepo wa kusi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo huo mkavu huvuma juu ya ziwa na kuyapoza maji kwa kuyageuza mvuke, kama vile maji ya mtungi yanavyopoa yakiwekwa penye upepo. Maji ya juu yakisha kupoa hulingana uzito na yale ya chini. Hapo hakuna tena cha kuyatenga, na upepo huyakoroga yote tangu juu hadi chini. Huko ndiko kugeuka kwa ziwa.

Wenzetu wa nchi za baridi, katika Ulaya ya Kaskazini na Marekani, wanalijua jambo hili vizuri. Huko maziwa hupoa baina ya Septemba na Novemba, miti inapopukutisha majani. Maji ya juu huwa mazito na kuzama, na ziwa zima huchanganyika kabla barafu haijaufunika uso wake. Mengi hugeuka tena barafu inapoyeyuka. Wavuvi wa huko husema kwamba siku za kugeuka ni siku ngumu, kwa maana samaki waliokuwa wamekusanyika mahali pamoja hutawanyika kotekote. Wao hugeuziwa ziwa na baridi, sisi tunageuziwa na upepo. Lakini yanayompata mvuvi yanafanana kuliko mtu anavyoweza kudhani.

JEMBE LA UPEPO

Wazee wa Ukara wanaweza kuilewa habari hii upesi kuliko msomi wa mjini. Kisiwa chao ni kidogo na watu wake ni wengi, na tangu zamani wamejulikana kwa kuwalisha ng'ombe zizini, kukusanya samadi na kuirudisha shambani. Wanajua kwamba rutuba iliyozama haina faida mpaka igeuzwe na jembe na kuletwa kwenye mizizi. Ziwa nalo ni shamba. Vijimea vinavyolisha viumbe vyote vya ziwani huota juu, penye mwanga, na rutuba yake huzama chini, gizani. Upepo wa kusi ndio jembe linaloirudisha juu.

Maji yakisha kuchanganyika, mwani huongezeka, hasa ule wenye gamba kama la kioo unaoitwa dayatomu. Wadudu wadogo wa majini hula mwani. Dagaa na furu hula wadudu. Sangara hula dagaa na furu, na sisi tunawala wote. Kwa hiyo mtu anayeulaani upepo wa kusi kwa sababu umemzuia kwenda ziwani wiki nzima anailaani pia kuni inayoivisha chungu chake.

Mwenye shaka na alitazame Ziwa Tanganyika. Lile lina kina cha meta zipatazo 1,470, na kwa sababu hiyo haligeuki lote hata siku moja. Upepo wa kusi hupandisha rutuba katika sehemu yake ya juu tu, hasa upande wa kusini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba joto limeongezeka na upepo umepungua, na kwa hiyo maji ya ziwa hilo yamekuwa mazito kuchanganyika. Walikadiria kwamba uotaji wa vijimea umepungua kwa asilimia ipatayo 20, na kwamba upungufu huo unaweza kupunguza samaki kwa asilimia ipatayo 30. Ziwa lisilogeuka vya kutosha ni shamba lisilolimwa. Wavuvi wa Kigoma hawahitaji kitabu ili kulielewa hilo.

Turudi kwetu. Matabaka haya ndiyo yanayoamua nyavu zitegwe wapi. Kuanzia Januari hadi Mei, sangara hawezi kukaa katika vina visivyo na oksijeni, kwa hiyo hupanda na kukusanyika juu ya mpaka wa maji yale. Nyavu za makila zilizozamishwa chini mno wakati huo hurudi tupu, na kamba zake hunuka. Ziwa likisha kugeuka, oksijeni hufika chini, na samaki hutawanyika tangu juu hadi sakafuni. Uchunguzi wa kuhesabu samaki kwa mawimbi ya sauti, ulioanza kufanywa katika ziwa hili mwaka 1999, umeonyesha jambo hilohilo. Mvuvi asiyelijua hutega mahali palepale, kina kilekile, na akikosa husema samaki wamekwisha au jirani amemfunga. Kumbe samaki wamehama ghorofa tu.

Kwa mvuvi wa dagaa habari ni nyingine. Upepo wa kusi humzuia kukaa na taa zake mbali ziwani, na mara nyingi akishindana nao huhatarisha roho yake. Lakini miezi hiyo ni ya kiangazi, na dagaa wachache anaowapata hukauka vizuri juani, tofauti na msimu wa mvua ambapo shehena nzima huweza kuozea mchangani. Mwenye kuyajua majira hupanga: lini kuvua sana, lini kutengeneza mtumbwi na nyavu, lini kuanika na kuweka akiba.

ZIWA LILILOELEMEWA

Kama kugeuka kwa ziwa ni neema, kwa nini basi samaki hufa? Hapa ndipo mkono wa binadamu unapoingia.

Katika miaka ya 1960 na 1961 mtaalamu Mwingereza aitwaye Talling, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilichokuwa Jinja, Uganda, aliyapima maji ya Ziwa Victoria mwezi baada ya mwezi. Ndiye aliyeyaeleza kwa ukamilifu majira haya niliyoyataja. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1990 na 1991, Hecky na wenzake waliyapima tena. Waliyakuta majira yaleyale, lakini ziwa si lile. Maji yaliyokosa oksijeni yalikuwa mengi kuliko zamani, yalidumu muda mrefu zaidi, na kuna wakati yaliweza kuenea juu ya nusu ya sakafu yote ya ziwa. Mwani ulikuwa umezidi sana, na maji yaliyokuwa maangavu yalikuwa yamefifia.

Sababu zake tunaziona kwa macho yetu. Misitu ya bara na ya visiwani imekatwa, na mvua huteremsha udongo ziwani. Miji imekua, na maji yake machafu hayana pengine pa kwenda. Hata moshi na vumbi vya mashamba tunayoyachoma kila kiangazi havipotei: majivu yake huanguka ziwani pamoja na fosforasi, na wataalamu wamegundua kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia katika ziwa hili hutoka hewani. Samadi ni njema, lakini mkulima wa Ukara anajua kwamba samadi isiyo na kipimo huunguza mimea. Tumelirundikia ziwa rutuba kupita kiasi. Mwani unaozidi hufa na kuoza, na kuoza huila oksijeni.

Hivyo ndivyo neema inavyoweza kugeuka msiba. Maji ya chini yakiwa yamekosa oksijeni kidogo tu, upepo ukiyapandisha huchanganyika na mengi yaliyo mazima, na samaki hawadhuriki. Maji mabaya yakiwa mengi, na dhoruba ikiyapandisha kwa usiku mmoja, hewa hukosekana hadi juu. Si lazima iwe Juni. Dhoruba yoyote kali yaweza kufanya hivyo. Wala si lazima ziwa lote ligeuke. Upepo ukiyasukuma maji ya juu kwenda upande mmoja, maji ya chini hupanda upande wa pili kujaza nafasi, na ghuba moja huweza kupata hasara huku ya jirani ikiwa salama. Ndiyo maana watu huona kama kwamba wamelengwa wao.

SUMU AU KUKOSA HEWA?

Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wamekufa upande wa Uganda. Uvumi wa sumu ulienea upesi. Serikali ya nchi hiyo iliyapima maji na samaki, ikatangaza kwamba sababu ilikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyachanganya maji. Mwaka 2022 wafugaji wa samaki katika vizimba huko Kisumu, Kenya, walipata hasara kubwa, na wataalamu wa nchi hiyo walieleza kwamba maji ya chini yaliyokosa oksijeni yalipanda juu. Samaki aliye huru huweza kukimbia. Samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Sisemi kwamba sumu haipo. Tumewahi kuwa na watu waliovua kwa sumu, na aibu yao ililiangukia taifa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wa ziwa hili wasiingie katika masoko yake kwa hofu hiyo, na aliyeumia zaidi alikuwa mvuvi mdogo asiyewahi kuishika sumu. Sheria yetu ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza uhalifu huo, na anayeutenda astahili adhabu. Lakini kwa sababu kosa lenyewe ni zito, hatuna ruhusa ya kumpachika mtu kwa kukisia.

Ziko dalili za kuanzia. Upungufu wa hewa mara nyingi hutokea alfajiri, kwa kuwa usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia. Mara nyingi huja baada ya upepo mkali au dhoruba. Maji hubadilika rangi na kunuka. Sangara hufa kwanza, hasa wale wakubwa, kwa sababu mahitaji yake ya oksijeni ni makubwa kuliko ya samaki wengi wenziwe. Wadogo huonekana wakihema juu ya maji. Sumu kwa kawaida huanzia mahali palipomwagwa, haingoji upepo, na haichagui baina ya sangara na furu. Hizi ni dalili, si hukumu. Hukumu hutolewa na kipimo: oksijeni ya maji ipimwe asubuhi ileile, na samaki wapelekwe maabara. Wakati majibu yanasubiriwa, samaki waliookotwa wamekufa wasiliwe wala wasiuzwe, hata kwa kuwatia chumvi na kuwaita kayabo.

Nina deni la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano katika mwalo mmoja ambao sitautaja. Samaki walikuwa wamekufa kwa wingi siku mbili kabla. Mtumishi mmoja alisimama akasema kwamba wavuvi wa mwalo huo wametumia sumu, akaamuru nyavu zao zichomwe na mwalo ufungwe. Wanawake wachuuzi walilia. Mvuvi mmoja mzee alisimama akaeleza kwa heshima kwamba upepo ulikuwa umevuma siku tatu na maji yalinuka kabla samaki hawajafa. Alizomewa. Wiki chache baadaye ilifahamika kwamba maji ya ghuba ile yalikuwa yamekosa oksijeni. Hakuna aliyewarudishia wavuvi wale nyavu zao. Mimi nilikuwa nimeketi meza kuu, nikiwa mtu wa Chama niliyetumwa kuwasikiliza wananchi. Nilisikiliza, na sikusema neno. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini yuko pia anayejikwaa kwa kunyamaza.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Kwanza niwageukie ndugu zangu wa visiwani. Kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, au BMU kama tulivyozoea kusema. Kikundi hicho kiwe na daftari moja la ziwa, ambamo kila siku mtu ataandika upepo umetoka wapi, maji yana rangi gani, yana harufu au hayana, nyavu zilitegwa kina gani na zikaleta nini. Tena ipo njia ya kupima uangavu wa maji isiyohitaji fedha nyingi. Chukua sahani nyeupe, ifunge kamba yenye mafundo kila nusu meta, uitie uzito, uishushe majini mchana upande wa kivuli cha mtumbwi, na uandike ni fundo la ngapi inapopotea machoni. Padre mmoja wa Italia aitwaye Secchi aliibuni njia hiyo mwaka 1865, na wataalamu wangali wanaitumia hadi leo. Daftari la miaka mitatu litamfundisha kijana majira ambayo babu yake aliyajua kwa kuishi miaka sitini.

Pili, tuziheshimu meta sitini za ukingo wa maji ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezitenga. Kila jembe linalolima hadi kwenye mawimbi na kila choo kilichoelekezwa ziwani kinaongeza yale maji mabaya yanayongoja dhoruba. Tusiilaumu Serikali peke yake kwa maji tunayoyachafua wenyewe.

Tatu, kwa wenye vizimba. Serikali imewahimiza vijana na wanawake waingie katika ufugaji huu na imewakopesha vizimba na boti, na hilo ni jambo jema. Lakini mkopo hausamehewi kwa sababu ziwa limegeuka. Kizimba kisiwekwe katika ghuba iliyojifunga isiyo na mkondo, wala mahali ambapo sakafu imekaribia nyavu. Inapofika miezi ya upepo wa kusi samaki wapunguzwe, waliokomaa wauzwe mapema, na siku maji yanapobadilika chakula kisitiwe, kwa maana samaki aliyeshiba huhitaji oksijeni zaidi, na chakula kisicholiwa huoza. Maji yenye zaidi ya miligramu tano za oksijeni katika lita moja ni mazuri. Yakishuka chini ya tatu samaki wengi wamo taabuni.

Nne, na hapa naongea na waheshimiwa watumishi wa Serikali. Kipimo cha oksijeni ni kifaa cha kushikwa mkononi. Mabwana samaki wetu wana boti za doria na wana mamlaka ya kukamata; wapewe pia kifaa hicho, na wafundishwe kukitumia. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina kituo chake Mwanza. Elimu iliyoko huko ivuke maji ifike Ukara na Irugwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka mwaloni, kabla ya Juni na si baada ya samaki kufa. Hali ya hewa hutangazwa redioni. Na tahadhari ya kugeuka kwa ziwa itangazwe vivyo hivyo.

Ratiba za usimamizi nazo ziyafuate majira ya maji. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo upepo wa kusi hupandisha rutuba. Kalenda ya namna hiyo mvuvi huielewa, kwa kuwa inatoka ziwani kwenyewe. Lakini mvuvi aliyeambiwa apumzike ana watoto wasiopumzika kula. Kwa hiyo mipango ya chakula, mikopo na kazi nyingine ianze kabla ya kufunga, isiwe ahadi ya baadaye.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu. Uwe utaratibu wetu, wa Chama na wa Serikali, kwamba samaki wanapokufa kwa wingi hakuna mwalo utakaofungwa kama adhabu, hakuna nyavu halali itakayochomwa, na hakuna jina la mtu litakalotajwa hadharani mpaka maji yapimwe. Kuzuia samaki wale wasiuzwe ni kulinda afya, na kunaweza kufanywa saa ileile. Kuwaadhibu watu ni jambo jingine, na linangoja ushahidi. Serikali inayopima kabla ya kuadhibu haipungukiwi na nguvu. Huongezewa imani na wananchi, na mwananchi mwenye imani ndiye atakayemleta mvua sumu wa kweli mbele ya sheria.

Yule mzee wa utotoni mwangu hakurudi. Alifia bara, na habari za kifo chake zilitufikia kwa mchuuzi wa dagaa. Shamba lake lilichukuliwa na wengine, na hadi leo wapo watu kisiwani wanaosema kwamba ndiye aliyewaua samaki wa mwaka ule. Siwezi tena kumwomba radhi. Naweza tu kusema mbele ya wasomaji wa gazeti hili kwamba hakuna aliyethibitisha neno lolote juu yake, na kwamba dalili zote tulizoziona sisi watoto na ndoo zetu zilikuwa dalili za ziwa kugeuka.

Upepo wa kusi utavuma mwaka ujao kama ulivyovuma kabla ya sisi kuzaliwa. Utapandisha rutuba, na pengine utapandisha na kifo. Utukute tuna daftari mwaloni, kipimo mkononi mwa bwana samaki, na subira vinywani mwetu.